Oksijeni kwa Mzamiaji wa Kina Kirefu: Shinikizo, Muda na Mipaka

Mwaka 1878 mwanafiziolojia Mfaransa Paul Bert alichapisha kitabu chake juu ya shinikizo la hewa, akaeleza humo jinsi wanyama waliopumua oksijeni yenye shinikizo kubwa walivyoshikwa na degedege na kufa. Mwaka 1899 James Lorrain Smith akaonyesha kwamba gesi hiyohiyo, kwa shinikizo dogo zaidi lakini kwa muda mrefu, hudhuru mapafu. Madhara hayo mawili, la ubongo na la mapafu, ndiyo msingi wa kila kikomo cha oksijeni anachopewa mzamiaji hadi leo.

Kinachodhuru hakipimwi kwa asilimia ya oksijeni iliyomo mtungini, bali kwa shinikizo la oksijeni peke yake katika mchanganyiko unaopumuliwa. Juu ya maji shinikizo la hewa ni angahewa 1, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban angahewa 1 nyingine. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Hivyo ufukweni oksijeni ina shinikizo la angahewa 0.21, na katika kina cha mita 66, ambako jumla ni angahewa 7.6, hufikia 1.6. Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32 hufika hapo kwa mita 40. Oksijeni tupu hufika kwa mita 6 tu.

Wazamiaji wengi wa kina kirefu hujiwekea kikomo cha angahewa 1.4 wanapofanya kazi, na 1.6 wanapotulia katika vituo vya kupandia. Muda nao una mpaka: jedwali la idara ya bahari na angahewa ya Marekani, NOAA, linaruhusu dakika 150 kwa 1.4 na dakika 45 kwa 1.6 katika mzamo mmoja.

Kupunguza oksijeni peke yake hakutoshi, kwa maana nafasi yake ikijazwa nitrojeni, mzamiaji hulewa. Ndiyo sababu huongezwa heliamu, isiyolevya na iliyo nyepesi kuvuta. Kwa mzamo wa mita 100 mtu aweza kuchukua oksijeni asilimia 10, heliamu 70 na nitrojeni 20. Huko chini, penye jumla ya angahewa 11, oksijeni itakuwa 1.1, na nitrojeni 2.2, sawa na ya mzamiaji apumuaye hewa kwa takriban mita 18. Lakini mtungi huohuo ukipumuliwa juu ya maji hutoa 0.10 tu, na mtu huzimia pengine bila kuhisi lolote. Hivyo mzamiaji hubeba mitungi kadhaa, kila mmoja na kina chake, na kosa la kushika usio wake humpata hata mzoefu.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Mzamiaji husema, “Nimepita kikomo mara nyingi na sikudhurika.” Wakati wa Vita Kuu ya Pili daktari wa jeshi la majini la Uingereza, Kenneth Donald, aliwapima wazamiaji waliojitolea kupumua oksijeni, akakuta kwamba ustahimilivu hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, na hata kwa mtu yuleyule baina ya siku na siku. Aliyevumilia jana aweza kupata degedege leo, katika kina kilekile na kwa muda mfupi zaidi. Salama ya jana, basi, si ushahidi wa chochote.

Donald aliona pia kwamba majini ustahimilivu hupungua kuliko katika chumba kikavu. Mgonjwa anayetibiwa katika chumba cha shinikizo kwa jedwali la 6 la jeshi la majini la Marekani hupumua oksijeni kwa angahewa 2.8, kwa vipindi vya dakika 20 vinavyotenganishwa na dakika 5 za hewa, ilhali majini 1.6 tayari ni hatari. Mgonjwa amelala, hafanyi kazi. Mzamiaji anapiga miguu, anavuta gesi nzito, na hewa ukaa inajikusanya mwilini. Hewa ukaa hupanua mishipa ya damu ya ubongo, na oksijeni zaidi huingia humo.

Dalili za mwanzo ni kuona kama kupitia bomba, mlio masikioni, kichefuchefu, kutukutika kwa midomo, wasiwasi na kizunguzungu. Asitegemee mtu kuonywa; mara nyingi degedege ndiyo dalili ya kwanza. Degedege yenyewe si lazima iue. Majini, kipande cha kupumulia hutoka kinywani, na mtu huzama. Chumbani mhudumu huondoa barakoa ya oksijeni, wala habadilishi shinikizo mpaka mtukutiko uishe, kwani kulipunguza wakati koo limefunga kwaweza kupasua mapafu.

Madhara ya mapafu huja polepole, pale shinikizo la oksijeni linapozidi takriban 0.5 kwa saa nyingi: kikohozi, kuungua nyuma ya mfupa wa kifua, pumzi kufupika. Kwa kawaida hupona.

Katika pwani ya Afrika Mashariki wazamiaji wa majongoo bahari hutumia zaidi hewa ya kawaida, na adui wao mkubwa ni nitrojeni, inayotoa mapovu mwilini wanapopanda haraka. Akifika kituoni na ganzi, maumivu ya viungo au udhaifu wa miguu, apewe mara moja oksijeni asilimia 100 kwa barakoa. Mhudumu aliyesoma habari za degedege asisite: juu ya maji shinikizo lake halizidi angahewa 1, na degedege iliyoelezwa hapa si ya kiwango hicho. Barua ya rufaa itaje gesi iliyopumuliwa, kina, dakika za kukaa chini, idadi ya mizamo ya siku hiyo na ya siku zilizotangulia, na saa oksijeni ilipoanzishwa.