Umeng'oa Jino? Zijue Dalili za Kidonda Kilichoingia Vijidudu

Wengi hutoka kwa daktari wa meno na pamba mdomoni, vidonge mkononi na maelekezo waliyoyasikia nusunusu kwa sababu ya hofu. Ganzi ikiisha usiku, maswali huanza. Shavu kuvimba hivi ni kawaida? Ule weupe shimoni ni usaha? Nirudi hospitali au nisubiri?

Kanuni ya kushika ni moja: kidonda cha jino kinachopona hupungua maumivu siku hadi siku. Jino lililotoka kwa shida huuma kuliko lililokuwa limelegea, kwa hiyo ukali wa maumivu peke yake haukuambii mengi. Kila asubuhi jiulize: leo nina nafuu kuliko jana? Maumivu au uvimbe uliokwisha kuanza kupungua ukipanda tena, hasa baada ya siku ya 3, usikae nyumbani ukisubiri.

Kidonda kinavyopona

Jino likitoka, damu hujaa shimoni na kuganda. Donge hilo ni kama kigaga cha kidonda cha ngozi: hufunika mfupa na mishipa ya fahamu iliyobaki wazi, na chini yake nyama mpya huota. Ndiyo maana unaambiwa ung'ate pamba kwa dakika 30 hadi 60, usisukutue siku ya kwanza, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija na usivute sigara.

Katika saa 24 za kwanza, mate yenye wekundu si tatizo. Damu ikijaa mdomoni, keti wima, kunja shashi au kitambaa safi kilicholowa kidogo, kiweke juu ya shimo na ukiume kwa nguvu dakika 30 bila kukitoa ili kuchungulia. Isipokoma, rudi hospitali.

Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3, hasa kama daktari alipasua ufizi au kukata mfupa, kisha hushuka. Ufizi huchukua wiki kadhaa kufunga shimo, na mfupa ulio ndani huendelea kujijenga kwa miezi.

Chukua kioo na tochi ya simu, utazame shimo. Kuanzia siku ya 2 au ya 3 unaweza kuona utando mweupe au wa manjano hafifu. Huo kwa kawaida ni utando wa kupona; usiukwangue kwa kijiti, kwa kucha wala kwa ulimi. Usaha hauko hivyo. Ni majimaji mazito yanayochuruzika, hasa ufizi ukibonyezwa, yana harufu mbaya na huacha ladha chafu mdomoni hata baada ya kusukutua.

Dalili za maambukizi

Rudi kwa daktari wa meno siku hiyohiyo au kesho yake ukiona mojawapo ya haya:

- Maumivu yaliyokuwa yakipungua yameongezeka tena.
- Uvimbe unaendelea kukua baada ya siku ya 3, au shavu limekuwa gumu, la moto na jekundu.
- Usaha unatoka shimoni au kwenye ufizi wa jirani.
- Joto la mwili limefika nyuzi 38 au zaidi, au unatetemeka kwa baridi.
- Tezi chini ya taya zimevimba na zinauma ukizigusa.
- Mdomo unafunguka kidogo kuliko jana. Pima kwa vidole vyako: mtu mzima kwa kawaida huweza kupitisha vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vikipita viwili jana na leo kimoja, hali inazidi kuwa mbaya.

Gego la mwisho la taya ya chini lililotolewa kwa upasuaji linaweza kuleta uvimbe hata wiki kadhaa baada ya kidonda kuonekana kimepona. Usiseme jino lilishatoka zamani, rudi ukaonwe.

Maumivu makali bila usaha

Mara nyingine donge la damu hutoka au huyeyuka mapema na mfupa ukabaki wazi. Madaktari huliita shimo kavu. Maumivu huja kwa nguvu kati ya siku ya 2 na ya 4, hupanda hadi sikioni, na mdomo hunuka, lakini mara nyingi hakuna homa wala uvimbe mkubwa. Ukitazama unaona shimo tupu au mfupa wa kijivu. Wavutaji sigara hupata tatizo hili zaidi.

Antibayotiki haziondoi maumivu hayo. Daktari huosha shimo na kuweka dawa ya kutuliza ndani yake, na wengi hupata nafuu muda mfupi baadaye. Anayemeza vidonge vya kuua vijidudu nyumbani huteseka bure.

Usisubiri asubuhi

Meno ya chini yako karibu na nafasi zinazoshuka hadi shingoni. Maambukizi yakifika huko, uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa katika saa chache. Nenda hospitali yenye huduma ya dharura mara moja, hata usiku wa manane, ukiona uvimbe chini ya kidevu au shingoni, ulimi umeinuliwa juu, mate yanadondoka kwa sababu kumeza kumeshindikana, sauti imebadilika, au pumzi ni za shida. Nenda haraka pia uvimbe ukilifikia jicho, au mgonjwa akichanganyikiwa. Usimlaze chali njiani. Mwache akae wima.

Homa si malaria tu

Kwetu homa ikianza, wazo la kwanza ni malaria, na wengine hununua dawa mseto bila kupima. Pima malaria, lakini mweleze mhudumu kwamba umeng'olewa jino. Kipimo kikionyesha huna malaria, chanzo kinaweza kuwa mdomoni. Hata kikionyesha unayo, kidonda kitazamwe pia. Parasetamoli hushusha homa na kuificha, basi pima joto kabla ya kumeza dozi inayofuata.

Dawa na usafi

Mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofeni hutuliza vizuri, lakini mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au mjamzito aulize kwanza. Usitumie aspirini kutuliza maumivu haya, kwa kuwa huongeza kutoka damu. Ila kama daktari alikuandikia aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza.

Baada ya saa 24, sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe, hasa baada ya kula. Piga mswaki meno mengine kama kawaida. Usitie shimoni tumbaku, ugoro, majivu, mafuta ya taa wala unga wa kidonge. Vitu hivyo huunguza nyama au kupeleka uchafu ndani.

Usinunue kapsuli chache za antibayotiki dukani ili kujaribu. Jipu lenye usaha huhitaji kupasuliwa usaha utoke. Vidonge peke yake mara nyingi havitoshi, na dozi isiyofaa huzalisha vijidudu sugu. Ukiandikiwa, meza kama ulivyoelekezwa.

Wenye kisukari, wanaoishi na VVU hasa wasiotumia dawa, wagonjwa wa selimundu, wa saratani na wenye matatizo ya valvu za moyo wasingoje dalili zikusanyike. Moja inatosha kuwarudisha hospitali. Mtoto mdogo hawezi kueleza anavyojisikia: akikataa kula na kunywa, akidondosha mate au akilala bila kuamka vizuri, mpeleke.

Ukirudi, sema haya

Taja tarehe uliyong'olewa, jino lipi, dawa ulizomeza na siku maumivu yalipoanza kupanda. Sema kama una mzio wa penisilini au una mimba. Picha za shavu ulizopiga kwa simu kila asubuhi zitamsaidia daktari kuona jinsi uvimbe ulivyokwenda. Wala usione haya kwamba unamsumbua: kufuatilia kidonda ni sehemu ya kazi ya kung'oa jino, na usaha uliowahiwa hutolewa kwa dakika chache kwenye kiti, kabla haujafika shingoni.