Kozi Fupi si Elimu ya Waliofeli

Hapa chuoni kuna neno dogo linalonikera: kakozi. "Jamaa kakosa chuo, kaenda kufanya kakozi ka miezi mitatu." Linasemwa kwenye foleni ya chakula, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Mimi silicheki. Nina miaka 39, darasani wenzangu wananiita Mama, na kiti ninachokalia nimekifikia kwa kupitia hizo hizo kozi fupi, kule kwetu Masasi. Kwa hiyo, wanachuo wenzangu, leo mniruhusu nifundishe kidogo.

Wengi wanadhani kozi fupi ni jambo la juzi, limeletwa na miradi ya wafadhili. Sivyo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Ulipokwisha, zikachaguliwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika hadi kufikia mwisho wa 1971. Masasi ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Ukerewe na nyingine tatu. Bibi yangu alijifunza kuandika jina lake katika kisomo cha miaka ile, na mpaka anafariki hakukubali kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mtu. Kitaifa, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kama asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1975 wakawa asilimia 39.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vilikutana, vikasikiliza redio, vikasoma kijitabu, vikajadiliana, halafu vikaenda kutenda. Wiki 12 tu. Masomo yalikuwa malaria, kichocho, minyoo, maji na kuhara damu, kifua kikuu. Walioshiriki wanakadiriwa kufika milioni mbili. Watu walitoka kwenye kikundi wakaenda kuchimba choo. Sasa niambieni, ni semista gani hapa kwetu inayomalizika kwa kuchimba hata shimo moja?

Siri ya yote hayo ni nini? Wataalamu waliita kisomo chenye manufaa, yaani mtu afundishwe kwa kutumia kazi anayoifanya. Mimi nitaisema kwa lugha ya nyumbani: mtu mzima anakuja darasani akiwa tayari na swali. Mtoto anafundishwa jibu leo, swali atakutana nalo akikua. Mtu mzima swali limemnyima usingizi jana usiku.

Mfano ninao. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na wanachama 22, na kilikuwa karibu kuvunjika. Daftari lilionyesha shilingi 410,000 zaidi ya zile zilizokutwa sandukuni. Mhazini wetu, mama mmoja mtaratibu sana, akaanza kuitwa mwizi. Kwanza pembeni, halafu mbele ya watoto wake. Mimi nilikuwa katibu. Wakati huo huo nilikuwa nasoma utunzaji wa hesabu, kozi ya wiki sita, jioni. Wiki ya pili mwalimu akafundisha jinsi ya kulinganisha daftari la fedha taslimu na daftari la mikopo. Nikamwomba tutumie madaftari yetu badala ya mfano wa ubaoni. Akakubali. Darasa zima likainama, na ndani ya saa moja tukaona: mikopo miwili, mmoja wa 250,000 na mwingine wa 160,000, iliandikwa kwenye daftari la mikopo lakini haikupunguzwa kwenye daftari la fedha taslimu. Wakopaji wote wawili walikuwepo, na saini zao zipo. Hakuna aliyeiba. Yule mama alipoelezwa mbele ya mkutano hakusema neno, alifunika uso kwa khanga.

Kama ningesubiri stashahada ya miaka miwili, jibu lingenikuta kikundi kimeshakufa na mama wa watu kahama mtaa. Faida ya kwanza ya kozi fupi ndiyo hiyo, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Halafu kuna kalenda. Wanaopanga masomo mijini hawaioni. Kusini mwaka unakwenda kwa korosho. Kuanzia katikati ya mwaka watu wanapuliza salfa kupambana na ubwiriunga, alfajiri, upepo ukiwa bado umetulia. Oktoba hadi Desemba kila mwenye mikono yuko chini ya mikorosho anaokota, na minada inaendelea. Mvua zikianza, jembe. Kozi ya miaka miwili inavuka misimu yote hiyo mara mbili. Mzazi mwenye watoto wanne ataacha njiani, na akiacha njiani amepoteza ada yote na hana karatasi. Kozi ya wiki nne au sita unaweza kuichomeka mahindi yakishaingia ndani, darasa likiwa alasiri. Tena ada yake inalipika kwa karanga na kuku. Masasi na Newala kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, aina ya vyuo vilivyoanzishwa nchini kuanzia 1975 kwa kuiga shule za watu wazima za Sweden, na kozi fupi ni sehemu ya kazi yao.

Faida nyingine nitazipitia haraka. Unaonja kabla ya kujifunga: mimi nilijua napenda hesabu kwa sababu ya wiki zile sita, ndipo nikapata moyo wa kutafuta cheti, kisha stashahada, kisha hapa. Na unazoea tena kukaa darasani. Msiodhani hilo ni kubwa bado hamjakaa miaka kumi na mbili bila kushika kalamu.

Sasa na ubaya tuuseme. Kuna kozi za siku tatu zinazouza cheti chenye rangi nzuri na soda. Cheti cha kozi fupi hakikuingizi chuo kikuu, anayekwambia hivyo anakula hela yako. Kabla ya kulipa, ulizia kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, uliza saa za vitendo ni ngapi, na mtafute aliyemaliza mwaka jana uone anafanya nini. Na fundi aliyejifunzia kazini, ujuzi tayari anao, pengine hahitaji kozi kabisa: VETA wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, anapimwa anachokijua na kupewa cheti.

Nanyi mnaosubiri boom, likizo ndefu mnaifanyia nini? Unasoma uhasibu miaka mitatu hujawahi kushika daftari la kikundi hai. Unasoma kilimo, kinyunyizio cha salfa umekiona kwenye slaidi. Nenda kakae wiki nne na watu wazima, kama mwanafunzi au kama msaidizi wa mwalimu.

Mimi Julai nakwenda Masasi. Kina mama wa kikundi wameomba niwafundishe wiki tatu kusoma karatasi za malipo ya korosho, maana tangu stakabadhi ghalani ianze mwaka 2007, bei inayotangazwa mnadani siyo inayoingia mfukoni: kuna ushuru, kuna usafirishaji, kuna makato ya chama. Wameshanitumia maswali kwa simu, kumi na moja. La kwanza limetoka kwa yule yule mhazini: "Mwanangu, mimi na jirani yangu tumepeleka mzigo siku moja, ghala moja, mnada mmoja. Mbona yeye kwa kilo kalipwa zaidi?"