Kutapeliwa Kwenye Simu Hakukuondolei Haki

Wengi wanaoibiwa pesa kwenye simu hawaendi kushtaki kwa sababu wanajiona wamejiponza wenyewe. Umekuja ujumbe, "ile hela itume kwenye namba hii", wakatuma. Au mtu aliyejidai ni wa huduma kwa wateja akaulizia namba ya siri, wakamtajia. Aibu hiyo inawafaa matapeli tu, kwani kisheria haina uzito. Iwe ni kwa Kanuni ya Adhabu au Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, udanganyifu wa kujipatia mali ni kosa, na uzembe wa aliyeibiwa haumsafishi mwizi.

Kurudishiwa fedha ni suala jingine, na hapo uzembe unahesabika. Masharti ya huduma humtwika mteja jukumu la kutunza namba ya siri, hivyo aliyeitaja mwenyewe ana kazi kubwa. Lakini mtandao ukikatika ghafla kwenye simu yako, kumbe laini imerudishwa na mtu mwingine kwa jina lako, hali inabadilika. Laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Wewe hukuweka kidole. Aliyeweka ni nani, dukani kwa nani, saa ngapi? Dai majibu hayo kwa maandishi, maana aliyekuwa na uwezo wa kuzuia wizi huo ni kampuni ya simu, si wewe.

Utaambiwa kwamba kwa laki moja polisi watakuzungusha tu. Inawezekana. Ila pesa ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji kampuni inaweza kuizuia; ikishatolewa kwa wakala, imekwenda. Ndiyo maana simu ya kwanza ni kwa kampuni, ndugu watasubiri. Usifute ujumbe wenye namba ya muamala, na namba ya tapeli itume kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Kampuni isipokuridhisha, peleka lalamiko Benki Kuu, ambayo ina kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako: usiyoitambua ifungishe, kwani ikitumika kutapeli, jina litakaloanza kutafutwa ni lako.