Mapenzi na Mke Mmoja: Ni Kweli au ni Maneno Tu?

Jueni, enyi ndugu, kwamba imeenea kauli vinywani mwa watu, khasa wapandao bara kwa biashara, ya kuwa mapenzi ya mume kwa mkewe ni hadaa, na kwamba asemaye "sina mwingine ila wewe" hunena hivyo kwa kuwaonea watu haya. Kauli hii ina kweli kidogo na upotofu mwingi.

Ama mapenzi, hayo ni kweli pasi na shaka. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari khabari ya Mughith, mtumwa, mume wa Barira. Barira alipoachwa huru alikhitari kufarikiana naye. Mughith akawa akimfuata katika njia za Madina akilia, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) akamwombea kwa Barira amrudie. Barira akauliza, je, hiyo ni amri? Akaambiwa ni shufaa tu. Akakataa, wala hakulaumiwa. Basi machozi yale hayakuwa ya kujionyesha, na kukataa kule hakukuwa uasi. Moyo hauamrishwi, ndiyo sababu wanazuoni wa Kishafii wakamwajibisha mwenye wake wengi kugawa sawa siku za kulala, wasimwajibishe kupenda sawa.

Na kushikamana na mmoja je? Mtume alikaa na Bi Khadija muda wa karibu miaka 25, asioe mwingine mpaka alipokufa, katika nchi ambayo kuoa wengi ilikuwa ada. Baada ya hapo, alipochinja mbuzi, alikuwa akiwapelekea nyama marafiki wa Khadija, hata Bi Aisha akamwonea wivu mtu aliyekwisha zikwa. Maiti haonewi haya, wala hahitaji kudanganywa.

Uwongo hauko moyoni basi, uko ulimini. Chukueni mfano wa mtu wa Tanga. Tangu reli ilipofika Arusha mwaka 1929, wengi wamepanda huko kutafuta riziki. Huyu amwapia mkewe kwamba hataoa juu yake. Kisha apanga chumba Ngarenaro, afungua duka, na baada ya mwaka aoa kwa siri binti wa Kimeru aliyesilimu kwa ajili yake. Kila Ramadhani hushuka Tanga na doti za kanga, na kiapo kile kile.

Akiulizwa, hujibu: "Sharti la kutooa juu ya mke ni batili katika madhehebu yetu." Amesema nusu. Ni kweli kwamba kwa Mashafii, sharti hilo likitiwa katika akdi, ndoa husihi na sharti huanguka. Kwa Mahanbali husimama, na mke hupata khiyari ya kuvunja ndoa. Lakini kuanguka kwa sharti hakuhalalishi uwongo. Tena vitabu hivyo hivyo vya Kishafii vyasema kuwa ni sunna kutozidisha mmoja pasipo haja iliyo dhahiri. Ukurasa huo mbona haufungui?

Siku atakapokufa, ikiwa ana watoto, wajane wake wawili watagawana thumuni moja. Yule wa Tanga, akiwa edani, ataletewa khabari kuwa yuko mwanamke mlangoni, ametoka Arusha na watoto wawili. Naye yule, aliyeiacha dini ya wazee wake chini ya mlima Meru, ataulizwa na ndugu wa marehemu: "Wewe ni nani?"