Linux Inavyogawa Kumbukumbu: Kutoka Vigawaji Vitatu Hadi Kimoja

Ukisimama kwenye vibanda vya simu pale Namanga, Msasani, utasikia swali lile lile siku nzima: "Ina RAM ngapi hii?" Muuzaji anajibu GB mbili, nne au nane, bei inapanda kufuatana na jibu, biashara inaisha. Swali la pili haliulizwi, na kwangu mimi ndilo tamu zaidi. Hizo GB anazigawa nani, na anazigawaje?

Anayegawa ni kerneli, ule moyo wa mfumo endeshi unaokaa katikati ya programu na mashine. Ndani ya kila simu ya Android kuna kerneli ya Linux. Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kumwambia mwanafunzi kwamba RAM ni kumbukumbu ya muda na umeme ukikatika inafutika. Sawa, ni kweli. Ila hapo umemwambia mtoto kwamba ghala lipo, hujamwambia funguo anazo nani. Na huyo mwenye funguo ana historia, tena historia yenye ubishi, iliyofika kwenye hatua kubwa juzi tu, mwaka 2024.

Tuanze na tatizo lenyewe. Kerneli inaikata kumbukumbu katika kurasa, na kwenye mashine nyingi ukurasa mmoja ni baiti 4096. Programu zinapoomba nafasi, kurasa zinatosha. Lakini kerneli yenyewe ina vitu vyake vidogo vidogo vya kuhifadhi: rekodi ya kila faili lililofunguliwa, ya kila programu inayoendeshwa, ya kila pakiti inayoingia kutoka kwenye mtandao. Rekodi ya namna hiyo inaweza kuwa na baiti 100 tu. Ukiipa ukurasa mzima, umetupa baiti 3996. Ukifanya hivyo mara laki moja, umetupa karibu MB 400 za simu ya GB mbili kabla hata WhatsApp haijafunguka.

Kwa hiyo kuna ngazi mbili za ugawaji. Ngazi ya chini inagawa kurasa, na njia yake ni ya zamani kweli. Kenneth Knowlton aliieleza mwaka 1965. Mimi naiita njia ya doti. Unajua kanga inavyouzwa: vipande viwili vikiwa bado vimeungana, jina moja, pindo moja. Ukitaka kipande unakata katikati. Kerneli nayo ina vipande vya ukurasa 1, 2, 4, 8, na kuendelea hadi 1024, ambavyo ni KB 4 mpaka MB 4. Mtu akiomba kurasa 4 wakati kipande kidogo kuliko vyote kilichobaki ni cha kurasa 16, kinakatwa: nane na nane. Nane moja inawekwa pembeni, nyingine inakatwa tena: nne na nne. Moja anapewa mwombaji, nyingine inasubiri. Kipande kikirudishwa, kerneli inamwangalia pacha wake. Kama naye yuko huru wanashonwa upya, na wale wawili wakishakuwa kitu kimoja nao wanamtafuta pacha wao, hivyo hivyo kwenda juu.

Cha kuzingatia ni kwamba kipande kinaungana na pacha wake tu, hakiungani na jirani yeyote. Kanga mbili za majina tofauti unaweza kuzikunja pamoja ila doti hazitakuwa. Faida yake ni kasi: anwani ya pacha inapatikana kwa kugeuza biti moja tu, hakuna kutafuta. Hasara yake ni kwamba unaweza kuwa na vipande vingi vilivyo huru, kila kimoja pacha wake yuko kazini, na ukiombwa kipande kikubwa huna.

Ngazi ya juu ndiyo yenye hadithi. Linux ya zamani, hadi toleo la 2.0, ilikuwa inaziweka rekodi ndogo kwenye visanduku vya saizi zinazozidishwa kwa mbili: 32, 64, 128, 256. Ukiomba baiti 65 unapewa 128, na 63 zinalala bure. Wakati huo huo, upande wa Sun Microsystems, Jeff Bonwick alikuwa ameshatoa mwaka 1994 wazo ambalo mpaka leo ndilo msingi wa kila kitu kwenye ngazi hii. Usikusanye vitu mchanganyiko. Tengeneza trei.

Trei ya mayai ina mashimo 30, yote saizi moja. Muuza mayai hapimi yai kwa rula. Anatazama shimo lililo wazi, anaweka, basi. Bonwick alisema kila aina ya rekodi iwe na trei zake: trei za rekodi za mafaili, trei za rekodi za programu. Chukua rekodi ya baiti 192. Ukurasa mmoja unatoa mashimo 21, na zinabaki baiti 64 tu. Linganisha na kisanduku cha 256, ambacho kingetoa mashimo 16. Umepata rekodi tano za ziada kwa kila ukurasa bila kununua RAM nyingine.

Aliona na jambo la pili ambalo wengi wanaliruka. Kuiandaa rekodi, yaani kupanga kufuli zake na orodha zake za ndani, mara nyingi kunakula muda kuliko kuitafutia nafasi. Basi rekodi ikirudishwa, isivunjwe; ibaki imeandaliwa, ikimsubiri atakayeiomba. Fundi cherehani hatoi uzi kwenye mashine kila akimaliza gauni moja.

Linux ikalichukua wazo hili, Mark Hemment akaliandikia msimbo, na toleo la 2.2 lilipotoka Januari 1999 tayari lilikuwa nalo. Likaitwa SLAB. Kwa kompyuta za wakati ule lilifanya kazi safi kabisa.

Shida ilikuja na prosesa nyingi. Prosesa mbili zikiitaka trei moja kwa wakati mmoja, moja lazima isubiri. Dawa iliyotumika ni kuipa kila prosesa foleni yake ya vitu vilivyo tayari. Halafu zikaja mashine kubwa ambazo kumbukumbu yenyewe imegawanyika katika mafungu, kila fungu karibu na prosesa zake, na SLAB ikaongeza foleni za vitu vya wageni: kila fungu na foleni kwa ajili ya kila fungu jingine. Fanya hesabu. Mafungu mawili, foleni mbili. Mafungu kumi, foleni 90. Mafungu 1000, foleni 999,000, na hapo ni kwa aina moja tu ya trei! Christoph Lameter, aliyekuwa SGI ambako mashine za ukubwa huo zilikuwepo, alilalamika kwamba GB kadhaa zinaishia kuhifadhi foleni tu. Umeajiri walinzi wengi hadi ghala limejaa walinzi.

Yeye akaandika SLUB, ikaingia mwaka 2007 katika toleo la 2.6.22, na toleo lililofuata ikafanywa chaguo la kawaida. Foleni alizifuta. Kila prosesa inashika trei yake na kuchukua humo. Orodha ya mashimo yaliyo wazi ameihifadhi kwa ujanja ninaoupenda kuliko vyote katika somo hili: shimo tupu halina yai, kwa hiyo ndani yake weka kikaratasi kinachosema shimo tupu linalofuata liko wapi. Orodha haichukui nafasi yoyote ya ziada. Kuna hatari yake, maana msimbo mbovu ukiandika kupita mpaka wa shimo lake unaweza kuharibu kikaratasi cha jirani, na wavamizi wanaijua njia hiyo. Baadaye likaongezwa chaguo la kukichanganya kikaratasi na namba ya siri.

SLUB pia inaruhusu aina za rekodi zinazolingana saizi zitumie trei moja. Kwa lugha ya hosteli, kubebana.

Kabla ya SLUB kulikuwa kumeshaingia kigawaji kingine cha upande wa pili kabisa, SLOB ya Matt Mackall, mwaka 2006. Hiki kilikuwa cha vifaa vidogo mno. Hakina trei za maana. Kinapita kwenye orodha ya nafasi zilizo wazi na kuchukua ya kwanza inayotosha. Msimbo mfupi, mwendo wa taratibu.

Basi Linux ikakaa na vigawaji vitatu kwa zaidi ya miaka 15. Mtu ungesema si ni uhuru, kila mmoja achague? Mimi sikubaliani. Kila kipya kilichobuniwa, kama chombo cha kutafuta makosa au hesabu ya nani ametumia kiasi gani, ama kiandikwe mara tatu ama kifanye kazi kwa mmoja na kuwakosa wengine. Mfano ni SLOB. Kwa namna ilivyohifadhi saizi, amri ya kawaida ya kurudisha kumbukumbu haikuweza kupokea rekodi iliyotoka kwenye trei maalumu. Kwa sababu ya kifaa cha watu wachache, waandishi wote wa kerneli walibeba kanuni hiyo kichwani.

Vlastimil Babka, mmoja wa wasimamizi wa sehemu hii, ndiye aliyeongoza usafi. Mwaka 2023 SLOB ikaondolewa katika toleo la 6.4. Mwaka 2024, katika 6.8, ikaondoka SLAB, ingawa walikuwepo waliosema kazi zao fulani zilikwenda kasi zaidi nayo. Wenye vifaa vidogo waliachiwa namna ya kuibana SLUB itumie nafasi kidogo, na maelezo yake yanasema wazi kwamba haishauriwi kwa mashine yenye zaidi ya MB 16.

Hapa ndipo panaponigusa. Uamuzi wa kuiondoa SLOB ulikuwa sahihi, lakini ulifanywa kwa kuuliza hadharani: nani bado anaitumia, ajitokeze aseme. Mwenye kifaa duni asiyeweza kuisoma hoja hiyo hakuwa na sauti. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuifanya OpenOffice izungumze Kiswahili, ile Jambo OpenOffice, na ilikuwa kazi kubwa. Ila ile ilikuwa sura ya nje, maneno ya kwenye menyu. Huku chini bado hatujapapa majina, na kitu kisicho na jina huwezi kukifundisha Kidato cha Tatu.

Hadithi haijaishia hapo pia. Mwaka 2025, toleo la 6.18 limeleta miganda: kila prosesa inapewa mganda wa vitu vilivyo tayari, kwa baadhi ya trei. Yaani foleni zimerudi, safari hii chache na zenye mpaka. Bonwick na Jonathan Adams walishaandika jambo linalofanana na hilo mwaka 2001.

Ukiwa kwenye maabara yenye kompyuta ya Linux, fungua dirisha la amri uandike cat /proc/buddyinfo. Huhitaji ruhusa ya msimamizi. Utaona safu 11 za namba: ya kwanza kushoto ni idadi ya vipande huru vya ukurasa mmoja, ya mwisho kulia ni vya kurasa 1024. Fungua kurasa ishirini za intaneti, kisha andika tena. Ukikuta kulia kumejaa sifuri na kushoto kuna maelfu, kumbukumbu ipo, ila imekatikakatika, na atakayeomba kipande kikubwa atasubiri mapacha warudi.