SOMO LA UFUGAJI: KWATO ZA MIFUGO YETU WAKATI WA MVUA



Somo hili tumelitayarisha kwa ajili ya wenzetu wa Gitega na Muyinga ambao, wakitoka kiwandani au shambani jioni, hukuta nyumbani ng'ombe mmoja au mbuzi wawili watatu wanawangoja. Mshahara tunaujua ulivyo. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayonunua madaftari ya watoto, na samadi yake ndiyo inayolisha migomba na kahawa. Kwa hiyo akianza kuchechemea, hasara ni ya nyumba nzima. Hali vizuri, kwa sababu kusimama horini kunamuuma. Maziwa yanapungua, na hata akipandishwa hashiki mimba kwa urahisi.

Wengi wetu tulikua tukiona ng'ombe wenye pembe ndefu wakipanda na kushuka vilima kutwa. Kwato zao hatukuzishughulikia, maana mawe na changarawe za njiani zilizisugua. Hali hiyo imekwisha. Sheria ya Oktoba 2018 iliagiza mifugo ifugwe bandani, ikatoa miaka mitatu ya kujitayarisha, na tangu Oktoba 2021 kuachia mnyama azurure ni kosa. Sababu zake tunazielewa: mazao ya jirani yalikuwa yakiliwa, na samadi ilikuwa ikipotea njiani. Lakini ng'ombe aliyefungwa hana mahali pa kusugua kwato zake. Ukwato wa ng'ombe hukua kiasi cha milimita 5 kwa mwezi, atembee asitembee. Kwa mwaka ni sentimita 6. Kazi iliyofanywa na njia ya mlimani sasa ni yetu sisi.

Tena kuna mvua. Kuanzia Oktoba mpaka Mei, ukiacha siku chache za kiangazi kifupi, banda lisilo na sakafu nzuri ni tope lililochanganyika na mavi na mkojo. Ukwato uliolowa muda mrefu hulainika kama ukucha wa mtu anayefua nguo siku nzima. Wenzetu wa nchi za baridi wana taabu ya namna hiyo kwa farasi wao: theluji hushikamana chini ya ukwato, ikaganda na kuwa donge la barafu, mpaka farasi anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya visigino virefu. Wao huchokonoa barafu hiyo kila mara na kupaka mafuta chini ya ukwato ili theluji isishike. Sisi theluji hatuna, ila tope letu nalo huingia katikati ya kwato mbili za ng'ombe, likakauka humo pamoja na kijiwe au kijiti, likachubua ngozi. Penye mchubuko ndipo vijidudu vinavyoishi katika mavi huingia, na ugonjwa wa kuoza kwato huanza hapo.

Basi tuanze na sakafu, kwa sababu dawa yoyote ni bure kama mnyama anarudi kusimama katika uchafu ule ule. Sakafu iwe na mteremko mdogo, sentimita 2 au 3 kwa kila mita moja, na mfereji wa kupeleka mkojo kwenye shimo la mbolea. Mawe yakitumika yashindiliwe sana na udongo wa mfinyanzi au saruji. Mawe yaliyolegea yenye ncha ni mabaya kuliko tope. Juu yake tandikeni kitu kikavu. Wenzetu walio karibu na viwanda vya kukoboa kahawa waulizie makapi makavu. Wengine watumie nyasi au majani makavu ya mgomba. Yaliyolowa yatolewe kila siku yaende shimoni. Anayefanya zamu ya usiku apatane na watu wa nyumbani, kwa maana kazi hii haingoji Jumapili.

Kupunguza kwato kufanyike mara mbili kwa mwaka: mara moja kabla ya mvua za Oktoba, na mara nyingine mvua zinapokwisha. Kila mguu wa ng'ombe una kwato mbili. Katika miguu ya nyuma, ukwato wa nje ndio hubeba uzito zaidi, ndio hurefuka, na ndio huumia kwanza, kwa hiyo utazameni huo kabla ya mwingine. Mfungeni ng'ombe kwenye mti imara, mguu uinuliwe kwa kamba, awepo mtu wa kumshika kichwa. Osheni, kisha punguzeni ncha kidogo kidogo kwa kisu cha kwato na tupa, mpaka kwato mbili zilingane na kukanyaga sawasawa. Kisigino kiachwe. Unyayo ukianza kulegea kwa kidole, au ukionyesha rangi ya waridi, acheni papo hapo. Sisi wenyewe mara ya kwanza tulitaka uzuri, tukakata mpaka damu, na ng'ombe wetu akakaa siku tatu hataki kusimama. Kisu kizuri ni ghali kwa mtu mmoja. Watu kumi wakichanga, kinatosha kilima kizima.

Mbuzi ni rahisi zaidi. Mkasi wa kupogolea kahawa unafaa, mradi usafishwe vizuri, na wale wa bandani wakaguliwe kila wiki sita hadi nane.

Sasa dawa ya kuogesha kwato. Wakulima wa kahawa wanaijua mrututu, ile ya buluu. Kilo 1 katika lita 20 za maji yatosha. Osheni kwato kwanza, kwa sababu mavi huua nguvu ya dawa, kisha mnyama asimame ndani ya dawa dakika chache. Asiinywe. Kondoo hasa hudhurika upesi kwa shaba iliyomo ndani yake, kwa hiyo wasikaribie kabisa. Maji yaliyobaki yasimwagwe kijitoni. Na tunaomba sana, msichukue bomba lililotumika kupulizia dawa ya wadudu shambani.

Ng'ombe akichechemea ghafla, mguu mmoja umevimba juu ya kwato na pana harufu mbaya katikati, huo ni uozo. Mwiteni mganga wa mifugo siku hiyo hiyo. Sindano ikichomwa mapema hupona upesi. Muulizeni ni siku ngapi maziwa yasinywewe wala kuuzwa, na mzifuate hata kama mteja yuko mlangoni.

Lakini wakichechemea wanyama kadhaa kwa pamoja, wanatoa udenda na wana malengelenge mdomoni na kwenye kwato, msidhani ni tope. Huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo. Wenzetu wa Muyinga, kwa kuwa mpo mpakani na mifugo hupita, mwe macho zaidi: mnyama mpya akae peke yake wiki mbili au tatu kabla ya kuchanganywa na wengine. Mkiona dalili hizo, mnyama asipelekwe sokoni wala kwa jirani, viatu na ndoo visitoke bandani, na habari ifike kwa mganga wa mifugo kabla ya jua kutua.