Kumpiga Picha Yangeyange

Wanafunzi wenzangu, karibu kila siku twawaona yangeyange nyuma ya ng'ombe kandokando ya kiwanja chetu, wakidaka panzi wanaorushwa na kwato. Ndege huyu hana haraka, kwa hiyo wengi katika Chama chetu cha Picha hudhani kwamba ni rahisi kumpiga picha. Mimi pia nilidhani hivyo. Muhula uliopita nilipiga picha 40 kwa ajili ya Siku ya Wazazi, na hakuna hata moja iliyoonyesha unyoya. Ng'ombe alitoka vizuri, majani yalitoka vizuri, lakini ndege alikuwa kama tone la chokaa.

Kosa halikuwa la kamera. Kipimamwanga kilichomo ndani yake hakijui ndege wala ng'ombe. Hupima mwanga wote kwa jumla, kisha hutaka picha iwe ya kadiri, yaani ya kijivujivu. Kikiona ng'ombe mweusi amejaa mbele yake, chadhani pana giza, chaongeza mwanga, na weupe wa ndege wapotea. Lakini ukimsogelea ndege hata ajaze picha nzima, mambo hugeuka: chadhani mwanga umezidi, chapunguza, na yangeyange hutoka kama amegaagaa majivuni. Hapo yakupasa kuongeza mwanga, si kupunguza! Jambo hili ndilo linalowakanganya wengi.

Mimi naona heri kukiacha kipimo hicho na kupanga kamera kwa mkono. Jua linalomwangaza ndege ni lile lile, awe mbele ya ng'ombe au mbele ya mbingu. Kanuni ya zamani ya wapiga picha ni hii: jua likiwa kali, weka tundu la lenzi f/16, na kwa ISO 100 muda uwe 1/100 ya sekunde. Kwa ndege mweupe punguza mwanga nusu, yaani 1/200. Akiruka, muda huo ni mrefu mno na mabawa hayataonekana sawasawa. Basi fungua tundu hadi f/8, nawe utumie 1/800. Mwanga uingiao haubadiliki.

Kanuni hiyo ni ya jua la juu, na jua la saa sita ndilo baya kupita yote: mgongo wang'aa, tumbo lina giza. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi, jua likiwa nyuma yako. Kwa kuwa mwanga wa saa hizo ni hafifu, piga moja ya kujaribu, uikuze katika kioo cha kamera, utafute manyoya ya kifua. Usipoyaona, punguza mwanga. Picha yenye giza kidogo yaweza kung'arishwa baadaye, lakini weupe uliokwisha potea haurudi.

Jumamosi iliyopita, yangeyange walipokuwa wakirejea mtini kulala, nilipata picha tatu nzuri. Mbili zimebandikwa maktabani. Ya tatu ni nzuri kuliko hizo, ila mkia wa ng'ombe umepita mbele ya jicho.